Springi, Shokapu na Barabara ya Kwetu

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, katika ukumbi wa shule, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Barua ya kunialika ilinitaka nizungumze juu ya jambo lolote lenye manufaa kwa wanafunzi. Msemaji aliyenitangulia ametueleza habari za kilimo cha alizeti, na mwaka jana, kama mnakumbuka, tulipewa mawaidha juu ya uongozi. Mimi nitazungumza juu ya springi na shokapu za gari. Naona Kidato cha Nne wanacheka na walimu wanatazamana. Chekeni tu, lakini nawaomba mnisikilize, kwa sababu jambo hili lilikaribia kunifanya niue watoto wa watu, na watoto wenyewe walikuwa wamevaa sare ya shule.

Gari lenyewe mnaliona pale nje chini ya mti. Ni Subaru Impreza iliyoundwa Japani mwaka 2004, nami nililinunua likiwa limekwisha tumika huko, kama yalivyo magari mengi yanayoteremshwa bandarini Dar es Salaam. Ni gari la kasi. Nilikuwa nimelitamani tangu nikiwa Chuo Kikuu nikipanda daladala, na nilipolipata nilikuwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu ambaye alipaswa kununua pikapu. Mwenyewe wa kwanza huko Japani alikuwa ameliondolea shokapu za kiwandani, akafunga nyingine za kurekebishika.

Nieleze kidogo. Shokapu za kiwandani huja na kimo na ugumu vilivyokwisha amuliwa. Hizi nyingine mwili wake umechongwa uzi kama wa boliti kutoka juu hadi chini. Juu ya uzi huo kuna sahani ya chuma iliyobeba springi, na chini kabisa kuna kikombe kinachoshika upande wa gurudumu. Vyote viwili huzungushwa kwa spana yenye umbo la mundu, kisha hubanwa kwa nati ili visilegee. Na kichwani mwa shokapu kuna kitufe kidogo kinacholia tik, tik, tik ukikizungusha. Changu kina hatua 16, kutoka laini kabisa hadi kigumu kabisa.

Basi mtu wa miaka arobaini na kitu ukimpa vitu vitatu vya kuzungusha, atavizungusha vyote. Nilishusha sahani, nikashusha mwili wa shokapu ndani ya kikombe mpaka gari likakaa chini kama kobe, na kitufe nikakifunga mpaka mwisho wa ugumu, magurudumu yote manne. Nilikuwa nimeona picha. Nilidhani ugumu ndio ushikaji wa barabara.

Nilimpitia mwenzetu mmoja mwenye gereji hapa Singida mjini. Tulikaa naye dawati moja Kidato cha Pili. Mambo ya nyumbani hayakumruhusu kuendelea na masomo, nami nikaendelea. Hapendi nimtaje jina. Alilizunguka gari mara moja, akalikandamiza boneti kwa mikono miwili, akasema, “Bwana Mkubwa, gari hili limebakiwa na safari fupi.” Nilidhani ananifanyia fumbo, pengine na kijicho kidogo ndani yake. Nikamshukuru nikaenda zangu.

Miezi iliyofuata gari lilianza kunung'unika. Kila lilipovuka tuta lilitoa mlio, ngo!, upande wa mbele. Usukani ulivuta kushoto. Tairi za mbele zililika upande wa ndani mpaka nyuzi zikaonekana, ilhali upande wa nje zilikuwa kama mpya. Mimi nikafanya kama wafanyavyo watu wenye mshahara na wasio na subira: nikanunua. Katika gereji moja ya mji mwingine niliagiza wabadilishe bolijointi, kisha bushi za mikono, kisha linki za stabilaiza, kisha tairi mbili. Mafundi walifanya nilivyowaagiza, na lawama hiyo ni yangu. Baadaye tuliviangalia vile vilivyotolewa, maana nilikuwa nimevihifadhi butini. Bolijointi zilikuwa nzima, bushi zilikuwa nzima. Kitu pekee kilichokuwa kimekwisha ni tairi, na hata mpya zilianza kulika vilevile.

Sasa niseme lililotokea. Nilikuwa natoka Dodoma, nimepita Manyoni na Ikungi, nimefika Singida salama, nikamchukua mama yangu mzazi ili nimrudishe kijijini. Kutoka mjini kwenda kwetu ni barabara ya changarawe, na msimu ule wa kiangazi ilikuwa imejaa yale mawimbi madogo madogo, rasta, yanayotetemesha gari mpaka meno yanagongana. Nilikuwa katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Kwa mwendo wa dakika mbili hivi nilihisi gari linazidi kuwa gumu, kama linalozama. Halafu ikaja kona, na katikati ya kona kulikuwa na mfereji wa maji ya mvua umekata barabara, si mrefu kuliko kiatu changu. Gari halikuvuka mfereji ule, liliruka. Liliposhuka lilikuwa linakwenda ubavu, na usukani mikononi mwangu ulikuwa mwepesi kama haukufungwa kwenye kitu.

Upande wa pili wa barabara palikuwa na wanafunzi wa shule ya msingi wamebeba madumu ya maji. Gari lilisimama katika mchanga. Nilishuka nikahesabu hatua kutoka bampa mpaka mahali mtoto mmoja alipoacha dumu lake na kukimbia. Zilikuwa hatua nne. Dumu lilikuwa limelala, maji yanamwagika. Nililijaza kwa maji ya chupa niliyokuwa nayo garini, jambo la kipuuzi, maana chupa ilikuwa ya lita moja na nusu na dumu lilikuwa la lita 20.

Mama hakusema neno mpaka nyumbani. Siku ya kurudi mjini alimpigia kijana wa bodaboda.

Siku ya pili nilikwenda kwa mwenzetu yule. Hakuniuliza kwa nini sikurudi mapema. Alisema, “Kabla hujanunua kitu kingine chochote, tupime.” Tukapima mpaka usiku, kwa taa ya simu.

Alianza na sakafu. Alichukua mpira wa maji ule mweupe wautumiao waashi, akatafuta mahali pa usawa pa magurudumu yote manne, na pale palipopungua akaweka vipande vya ubao mwembamba. Akajaza upepo tairi zote kwa kipimo kimoja. Kwenye kiti cha dereva akaweka mifuko miwili ya mchanga badala yangu. Ndipo akapima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa tao la bodi, akaandika kwa chaki ukutani: mbele kushoto sentimita 31. Halafu akapiga jeki, gurudumu likaning'inia, akaishika springi kwa vidole akaichezesha. Springi ilikuwa inacheza! Kati yake na sahani palikuwa na nafasi ya sentimita 2. Ule mlio wa ngo ulikuwa ni springi inayoachwa hewani na kurudi kugonga sahani yake kila gurudumu liliposhuka, nami nilikuwa nimeufukuza kwa kununua bolijointi.

Kisha akafanya jambo ambalo mwalimu wetu wa fizikia angelipenda. Alichukua utepe wa plastiki wa kufungia nyaya, akaufunga kwenye fimbo ya shokapu inayong'aa, akausukuma chini mpaka ukagusa mwili wa shokapu. Gari likishuka barabarani, utepe husukumwa juu na kubaki pale fimbo ilipofika mwisho wa kuingia. Tukaenda kwenye barabara ya vumbi nyuma ya mji, taratibu kabisa, kilomita mbili. Tuliporudi, utepe ulikuwa umebanwa kwenye ile raba ya kikomo. “Nilikwambia,” alisema, “safari imekwisha.” Hapo ndipo nilipoelewa. Safari aliyoitaja siku ya kwanza ni mwendo wa fimbo ndani ya shokapu. Yangu yote ni sentimita 12 kabla ya kugusa raba. Kwa jinsi nilivyoishusha sahani, gari likiwa limesimama tu zilibaki sentimita 5 na nusu za kwenda juu.

Vijana wa Kidato cha Tatu watakuwa wamekwisha mfahamu Robert Hooke, Mwingereza aliyeitangaza kanuni yake ya springi mwaka 1678: springi hurefuka au hufupika kwa kadiri ya uzito unaoipa. Kwenye maabara yetu, ile yenye dirisha linalotazama mawe makubwa, mmening'iniza uzito mkachora mstari mkasahau. Sasa tumieni. Springi zangu za mbele zina ugumu wa kilo 8 kwa milimita moja. Gurudumu moja la mbele linabeba karibu kilo 400, na ukitoa uzito wa gurudumu lenyewe na vyuma vyake, springi inabeba karibu 360. Gawa kwa 8, springi imefupika milimita 45. Kuna hesabu fupi inayotokana na hiyo: gawa 5 kwa kipeuo cha pili cha huo ufupi ukiwa katika sentimita, utapata gari linataka kuruka mara ngapi kwa sekunde. Langu ni karibu mara 2.4. Kama springi ingekuwa ya kilo 3 tu kwa milimita, ambayo si ngeni kwa gari la nyumbani la uzito huo, ingefupika sentimita 12 na kuruka mara 1.4 hivi kwa sekunde. Ndiyo sababu mama alikuwa akisema kiti changu kinampiga.

Lakini springi peke yake hazikunitupa nje ya barabara. Watu wengi huchanganya, nami nilichanganya: springi hubeba gari, shokapu haibebi kitu. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi isiendelee kuruka. Ndani yake mna mafuta yanayopenyezwa katika matundu madogo, na kitufe kile cha juu hubana au kufungua njia ya mafuta. Katika shokapu nyingi za bei ya kawaida hubadili zaidi ule mwendo wa kufunguka, yaani gurudumu linaporudi chini. Mimi nilikuwa nimekifunga kabisa. Kwenye rasta, gurudumu lilipanda juu ya wimbi la kwanza, na kabla mafuta hayajaliruhusu lirudi chini, wimbi la pili lilikuwa limefika. Likapanda tena kutoka pale lilipo. Na tena. Kwa hiyo gari lilikuwa linajivuta lenyewe chini, kidogo kidogo, mpaka likakaa juu ya raba ya kikomo. Lile zama-zama nililolihisi lilikuwa kweli tupu. Lilipofika mferejini halikuwa tena na springi wala shokapu, lilikuwa mkokoteni unaokwenda kilomita 60.

Na kulikuwa na la pili. Gari likishushwa kupita kiasi, mikono ya chini huelekea juu kwa nje, na fimbo ya usukani haiendi tena sambamba nayo. Gurudumu likipanda au kushuka, linajipinda lenyewe bila dereva kuligusa. Tulifunga uzi mrefu pande zote mbili za gari tukapima kwa rula: tairi za mbele zilikuwa zimefunguka kwa nje milimita 6. Hapo ukipata na ule mwinamo wa tairi kuingia ndani kwa juu, huhitaji tena kuuliza nani alikula mpira.

Nataka niseme neno juu ya mashindano ya Safari, maana najua wapo hapa wanaodhani gari la kasi lazima lilambe ardhi. Mashindano hayo yalianza 1953, na miaka ile ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, mtu wa Dar es Salaam, na gari lake lilikuwa Peugeot 404, gari la kubebea familia. Datsun 240Z, ambalo ni gari la michezo hasa, lilishinda 1971 na 1973. Ushindi wa 1973 ulikuwa wa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye alikuja kushinda tena mara nne mfululizo kutoka 1979 hadi 1982. Na mwaka 1978 kiwanda cha Porsche kilileta magari yake ya 911. Watu wale walijua kasi kuliko sisi sote humu ukumbini. Walishusha? Waliyainua mpaka karibu sentimita 28 kutoka ardhini. Vic Preston mdogo, Mkenya, akashika nafasi ya pili, nyuma ya Peugeot 504. Barabara iliwafundisha wenye viwanda, na ni barabara ya aina hii hii ya kwetu.

Turudi gereji. Mwenzetu hakugusa kitufe hata kimoja mpaka kimo kilipokaa sawa. Kwanza alipandisha sahani sentimita 2, mpaka springi ikashika bila kulegea na bila kubanwa. Kwa hilo gari lilipanda sentimita 2 na safari ya juu ikawa 7 na nusu. Kisha akakizungusha kikombe cha chini kurefusha shokapu nzima kwa sentimita 3. Hili, sikilizeni, halibadili safari ya shokapu hata kidogo, linabadili kimo tu. Ndiyo maana vipo viwili, nami nilikuwa nimevitumia kama kitu kimoja. Alihakikisha uzi wa kutosha umebaki ndani ya kikombe, kwa kuwa uzi ukibaki mchache chuma kinaweza kuchomoka. Kutoka 31 tukafika 36.

Boliti za mikono alizilegeza, akaziacha, akazikaza gari likiwa limekanyaga chini. Niliuliza sababu. Bushi ni mpira ulioganda kwenye chuma. Ukiikaza gurudumu likiwa linaning'inia, siku zote itakuwa imejisokota. Kitu kidogo hicho hakikufanyika wakati bushi zangu zilipobadilishwa, na sikuwa na ujuzi wa kukidai.

Uzito wa kila gurudumu tuliupima kwa mizani ya nyumbani ya kupimia watu, isiyozidi kilo 150. Mnauliza vipi? Kwa kanuni ya nyenzo, wenzangu. Ubao mnene, mwisho mmoja juu ya bomba la chuma, mwisho wa pili juu ya mizani, gurudumu likakaa robo ya urefu kutoka kwenye bomba. Mizani ikasoma robo ya uzito. Magurudumu mengine yaliinuliwa kimo kilekile. Tukakuta kwamba mbele kushoto na nyuma kulia, ukizijumlisha, zinazidi ile jozi nyingine kwa kilo 78. Ni kama meza ambayo mguu wake mmoja ni mrefu: hailemei mguu huo tu, hulemea na ule wa pembe ya pili. Hapo ndipo palipokuwa sehemu ya kule kuvuta kushoto. Kwa kuzungusha nusu, robo, nusu, tofauti ikashuka chini ya kilo 10. Ilikuwa saa nne za usiku.

Asubuhi ndipo tukapeleka tairi kunyooshwa kwa mashine. Kunyoosha tairi kabla ya kuweka kimo ni fedha ya kutupa, maana kila sentimita ya kimo inahamisha mwelekeo wa gurudumu. Taa za mbele nazo tulizishusha, kwa kuwa sasa zilikuwa zinamulika vitunguu sokoni badala ya barabara.

Vitufe vilikuja mwisho. Tulihesabu kutoka ugumu wa mwisho kurudi nyuma, hatua 8, yaani katikati. Tukachagua barabara moja, mwendo mmoja, na daftari. Tulibadili hatua mbili tu, mbele pekee au nyuma pekee, kisha tukarudia njia ileile. Likivuka tuta na kuendelea kupepea mara mbili tatu, limelegea mno. Likizama kwenye rasta na utepe ukakuta raba, limebanwa mno. Mbele tuliishia hatua 11 kutoka kwenye ugumu, nyuma 12. Katika daftari lile kuna siku moja nilibadili vitu vitatu kwa pamoja kwa kuwa nilikuwa na haraka, na ukurasa huo hautusaidii kitu hata leo.

Kazi haijaisha. Springi za kilo 8 bado ni ngumu kwa barabara yetu. Natafuta za kilo 5, ambazo kwa hesabu ileile zitafupika milimita 72 na kuruka mara 1.9 hivi, na itabidi safari ipimwe upya. Vumbi letu pia ni adui: huingia kwenye uzi, mvua ikinyesha hushikana kama saruji. Kwa hiyo kila mwezi nasugua uzi kwa brashi na maji, naukausha, naufunika kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na nakagua nati za kubana. Mara moja nimekuta moja imelegea robo mzunguko.

Mama amekubali kupanda tena, lakini anakaa kiti cha nyuma, na tukifika kwenye ile kona huniambia nisimame kwanza nitazame. Nasimama.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Mwenzetu yule yupo humu ukumbini, amekaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, na amekuja na futi, chaki, uzi na mpira wa maji. Baada ya chakula tutakuwa pale chini ya mti. Kidato cha Tatu na cha Nne watakaopenda waje na madaftari. Ubao na mizani vipo, na gurudumu la nyuma kulia hatujalipima tangu Januari.